Mwanafunzi Hawezi Kusema Hapana: Mwongozo Kamili wa Kutumia Teknolojia Darasani kwa Uadilifu

Mtu mzima akifungua programu akaona inamdai namba ya simu, mahali alipo na orodha ya marafiki zake, anaweza kuifunga na kuendelea na shughuli zake. Mwanafunzi hana nafasi hiyo. Mwalimu akisema "fungueni akaunti humu, kazi ya nyumbani nimeiweka huko," mtoto atafungua. Asipofungua atakosa kazi, atakosa alama, na huenda akahesabiwa mkaidi. Mzazi naye atasaini fomu bila kuuliza, maana hataki mwanawe aachwe nyuma.

Kwa miaka yote niliyofundisha nimeona kwamba maswali mengi ya uadilifu kuhusu vifaa vya darasani hujibika ukianza na swali hili: mtoto huyu angeweza kukataa bila kuumia? Kama asingeweza, kazi ya kukataa kwa niaba yake ni ya mwalimu. Hatua zilizo hapa chini zimejengwa juu ya swali hilo. Nimezipanga kwa mfuatano ambao ningemshauri mwenzangu anayeanza muhula mpya, ingawa ukikutwa katikati ya mwaka unaweza kuanzia popote panapokubana.

Hatua ya 1: Orodhesha unavyotumia tayari

Kabla ya kuongeza kitu kipya, chukua karatasi uandike kila programu, tovuti na kundi la mawasiliano ambalo wanafunzi wako wamelazimika kulitumia kwa sababu yako. Weka ndani hata kundi la WhatsApp la wazazi, tovuti ya maswali ya chemshabongo uliyoijaribu mara moja, na folda ya picha za maonyesho ya mwaka jana iliyo kwenye simu yako binafsi. Mbele ya kila jina andika mambo manne: inachukua taarifa gani za mtoto, nani anaziona, inasaidia somo lipi, na utaifunga lini.

Swali la tatu ndilo litakalokata vitu vingi. Utakuta programu zilizoingia darasani kwa sababu zilikuwa mpya, au kwa sababu shule jirani inazo, na huwezi kutaja kitu ambacho wanafunzi walikielewa vizuri zaidi kupitia kwazo. Hizo zifute leo hii, akaunti na yote yaliyomo. Nilipofanya zoezi hili mara ya kwanza nilibaki na chini ya nusu ya orodha, na hakuna mwanafunzi aliyeulizia zilizoondoka.

Hatua ya 2: Kagua programu kabla ya kuiingiza darasani

Hapa tukae kwa muda, kwa sababu ndipo madhara makubwa hutokea bila mtu kuyaona.

Mwaka 2022 Human Rights Watch, shirika la kimataifa la kutetea haki za binadamu, lilichapisha uchunguzi wa bidhaa 164 za kujifunzia mtandaoni ambazo serikali za nchi 49 zilikuwa zimezipendekeza au kuziidhinisha wakati shule zimefungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Bidhaa 146 kati ya hizo, yaani asilimia 89, zilionekana kushughulikia taarifa za watoto kwa namna iliyohatarisha haki zao. Nyingi zilikuwa na uwezo wa kuwafuatilia watoto na kupeleka taarifa zao kwa kampuni za matangazo. Zingatia kwamba bidhaa hizo zilikuwa na baraka za wizara. Kibali cha wakubwa hakikuondolei wajibu wa kukagua mwenyewe.

Ukaguzi wa kutosha huchukua kama nusu saa. Fungua akaunti ukijifanya mwanafunzi, si mwalimu, kwa sababu kile anachokiona mwalimu huwa safi zaidi. Tazama inakudai nini. Programu ya kujifunza kuzidisha haihitaji kujua ulipo, haihitaji kipaza sauti, haihitaji kuingia kwenye majina yaliyo kwenye simu. Ikiomba, kataa, uone kama bado inafanya kazi. Ikigoma kufunguka, imeshajieleza.

Kisha nenda kwenye masharti ya faragha. Huna haja ya kusoma yote. Tafuta sehemu nne tu: umri wa chini wa mtumiaji, taarifa wanazokusanya, wanaowapa, na namna ya kufuta. Kuhusu umri, utakutana mara nyingi na namba 13. Imetokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayolinda faragha ya watoto mtandaoni, inayodai idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya umri huo. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya ulinzi wa taarifa iliyoanza kutumika Mei 2018 imeweka miaka 16, huku ikiruhusu kila nchi kushuka hadi 13. Kama masharti yanasema 13 na darasa lako lina watoto wa miaka 11, usiwafundishe kudanganya tarehe ya kuzaliwa. Nimewahi kusikia mwalimu akisema mbele ya darasa, "wekeni mwaka wowote, itakubali." Somo walilolipata watoto siku ile lilikuwa kubwa kuliko lile lililokuwa ubaoni.

Mwisho, jaribu kufuta akaunti uliyofungua. Kama huwezi kuifuta ukiwa mtu mzima mwenye subira, mtoto hataweza.

Programu ikipita, bado usiingize majina kamili. Mpe kila mwanafunzi jina la kazi, kwa mfano jina la mti au la nyota pamoja na namba, na orodha inayounganisha majina hayo na wenyewe uiweke kwenye daftari lako la karatasi. Kampuni ikidukuliwa, mdukuzi atapata kwamba "Mwembe 14" alikosea maswali matatu ya hesabu za sehemu. Hakuna atakayeumia.

Hatua ya 3: Omba ridhaa ambayo mtu anaweza kweli kuikataa

Kuna kisa kimoja cha Sweden ambacho kila mkuu wa shule angefaa kukijua. Shule moja ya sekondari katika mji wa Skellefteå ilijaribu kamera za kutambua nyuso ili kuchukua mahudhurio ya wanafunzi 22 kwa wiki tatu. Ridhaa iliombwa, ikatolewa. Hata hivyo mwaka 2019 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya nchi hiyo ilitoza faini ya krona 200,000. Ilisema ridhaa ile haikuwa na nguvu kwa sababu mwanafunzi yuko chini ya mamlaka ya shule, na kwamba mahudhurio yangeweza kuchukuliwa kwa njia isiyoingilia faragha kiasi hicho. Hoja zote mbili ni za kubeba kokote uendako: saini ya mtu asiye na uwezo wa kukataa haitoshi, na kama daftari linatosha usitumie kamera.

Kwa hiyo barua yako kwa wazazi isiwe na kisanduku kimoja cha "nakubali." Iandike kwa lugha wanayoisoma nyumbani, isizidi ukurasa mmoja, na iwe na njia ya pili iliyo sawa na ya kwanza. Mimi huandika hivi:

"Muhula huu tutatumia programu ya kufanyia mazoezi ya hesabu mara mbili kwa wiki. Inahifadhi jina la kazi la mwanao na majibu yake. Haihifadhi jina lake halisi, picha wala namba ya simu. Akaunti zitafutwa wiki ya mwisho ya muhula. Usipopenda aitumie, atapewa mazoezi yaleyale kwenye karatasi, na alama zitahesabiwa sawasawa. Huna haja ya kutoa sababu. Ukibadili mawazo wakati wowote, niambie."

Sentensi ya "huna haja ya kutoa sababu" usiiache. Ukimdai mzazi sababu, mzazi mwenye haya atakubali tu. Na ile ahadi ya karatasi itimize kwa moyo: isiwe mazoezi yaliyofifia kwenye mashine ya kunakili huku mtoto ameketi pembeni peke yake. Mtoto naye muulize, hata kama sheria inamtazama mzazi pekee. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto haki ya faragha, na pia haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu.

Hatua ya 4: Alama, picha na video

Mwaka wangu wa tatu kazini nilipiga picha orodha ya matokeo ya darasa zima nikaituma kwenye kundi la wazazi. Niliona nimerahisisha kazi. Kesho yake msichana aliyeshika nafasi ya mwisho hakuja shuleni, wala kesho kutwa. Picha ilikuwa imeshatoka kwenye kundi letu na kufika mtaani kwao. Nilikwenda kuomba radhi nyumbani, nikapokewa kwa heshima, lakini hakuna radhi inayorudisha picha iliyosambaa. Tangu siku hiyo alama ya mtoto ninampa yeye na mzazi wake tu, mmoja mmoja.

Kwa picha, kanuni zangu ni chache na sizilegezi. Sipigi kwa simu binafsi kama kuna kifaa cha shule. Kikikosekana, nahamisha na kufuta siku ileile. Mbele ya umma natumia picha zinazoonyesha kazi, mikono au migongo, na simbandiki mtoto jina lake chini ya sura yake. Kabla ya kutuma, naondoa taarifa za mahali, kwa sababu picha ya simu janja inaweza kubeba ndani yake tarehe na mahali hasa ilipopigwa, na mtu anayejua kuzisoma atajua mtoto yuko wapi saa ngapi. Mtoto akisema hataki kupigwa, simbembelezi. Wala simpigi akiwa analia, anaadhibiwa, au amekosea ubaoni, hata kama tukio lenyewe linachekesha watu wazima.

Kurekodi kipindi kwa ajili ya waliokosa ni jambo jema. Elekeza kamera ubaoni, na utangaze kabla ya kubonyeza.

Hatua ya 5: Mfikirie asiye na kifaa

Kazi ya nyumbani inayohitaji intaneti ni adhabu kwa asiye nayo. Usimuulize mbele ya wenzake kama kwao kuna kompyuta. Waulize wote kwa karatasi isiyo na aibu, ukitaka kujua pia kama kifaa ni chake au wanagawana na ndugu watatu, na kama bando hudumu mwezi mzima. Kisha panga kazi kwa kumtazama aliye chini kabisa kwenye majibu hayo. Kinachohitaji mtandao kifanyike saa za shule. Kinachokwenda nyumbani kiwezekane kwa kalamu.

Usisahau asiyeona vizuri na asiyesikia. Picha uliyopiga ya ukurasa wa kitabu mara nyingi haisomeki vizuri na programu zinazosomea wasioona, ilhali maandishi yaliyochapwa husomeka. Video isiyo na maandishi chini inamfungia nje kiziwi. Andika maelezo mafupi chini ya kila mchoro, sentensi moja inatosha.

Hatua ya 6: Akili unde, kwa wanafunzi na kwako mwenyewe

Tangu ChatGPT, programu ya akili unde (AI) inayojibu maswali na kuandika maandishi, ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, walimu wengi tumeshughulika na swali la kuwakamata wanaodanganya. Nadhani tumeanzia pabaya. Mwanafunzi hawezi kuvunja kanuni ambayo hukuiweka. Kwa hiyo juu ya kila kazi andika mojawapo ya haya matatu: akili unde hairuhusiwi kabisa, inaruhusiwa kutafutia mawazo lakini maandishi yawe yako, au inaruhusiwa kote, na uandike mwishoni uliiuliza nini na ulibadilisha nini. Eleza pia kwa nini. Mtoto akijua kwamba insha hii ni ya kumjengea msuli wa kupanga hoja, ana sababu ya kuuinua mzigo mwenyewe.

Angalia umri hapa pia. Mwongozo wa UNESCO wa Septemba 2023 kuhusu akili unde katika elimu ulipendekeza kiwango cha chini kiwe miaka 13. Kwa wadogo, itumie wewe kwenye projekta, darasa lote likitazama, mkosoe majibu pamoja. Wape zoezi la kukamata makosa: mwombe roboti ataje vitabu vitano kuhusu mada fulani, kisha watoto watafute kama vipo. Wakigundua kimoja hakipo na hakijawahi kuwepo, wataelewa jambo ambalo hotuba yako isingewaelewesha.

Sasa kuhusu zile programu zinazodai kutambua maandishi ya akili unde. Usizifanye hakimu. OpenAI yenyewe, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa chombo cha aina hiyo Januari 2023 kisha ikakiondoa Julai mwaka huohuo kwa kukosa usahihi. Kwa vipimo vyake yenyewe kilikuwa kikitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kikiyasingizia maandishi ya binadamu mara 9 katika kila 100. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vitambuzi saba kwa insha 91 za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilisingiziwa kuwa za mashine. Sisi tunaofundisha watoto wanaoandika kwa lugha ya pili au ya tatu hatuna ruhusa ya kulisahau hilo. Mtoto anayejibana ndani ya maneno machache anayoyajua ndiye atakayeitwa mwizi.

Ukishuku, keti naye faraghani. Usianze na shutuma; anza na kazi yenyewe. "Aya hii ya pili nimeipenda, hebu nieleze ulikuwa unafikiria nini." Mwombe rasimu, hata kama ni mistari mitano iliyofutwafutwa. Hakiki vitabu alivyovitaja. Akishindwa kueleza alichoandika, mpe nafasi ya kuandika upya mbele yako, na mazungumzo yenu yabaki kati yenu na uongozi unaohusika. Ukitaka kuepuka mengi ya haya, anza kutoa alama kwa hatua: wazo, mpango, rasimu, kisha kazi kamili. Hata walio waaminifu hufaidika.

Na wewe mwalimu? Ukitumia akili unde kutunga maswali au kuandaa somo, waambie wanafunzi; huwezi kuwadai ukweli usioutoa. Usiingize humo insha yenye jina la mtoto, wala ripoti ya nidhamu, wala habari za afya yake. Na usiiachie kalamu ya alama. Agosti 2020, mitihani ikiwa imefutwa Uingereza, mamlaka ya mitihani ilitumia hesabu za kompyuta kurekebisha alama ambazo walimu walikuwa wamezikadiria. Karibu asilimia 40 zilishushwa. Hesabu ile iliegemea sana matokeo ya nyuma ya shule, hivyo kijana hodari wa shule dhaifu aliburutwa chini na historia isiyo yake. Baada ya siku chache mpango ulifutwa na makadirio ya walimu yakarudishwa. Waliofanya hesabu hawakuwa watu wabaya. Walisahau tu kwamba nyuma ya kila mstari kuna mtu mmoja, mwenye jina.

Hatua ya 7: Kataa kuwapeleleza

Kuna programu zinazomwonyesha mwalimu kila kilicho kwenye kishikwambi cha mwanafunzi. Zitumie wakati wa kipindi tu, watoto wakijua, na uzizime kengele ikilia. Mwaka 2010 wilaya moja ya shule katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ilishtakiwa baada ya kubainika kwamba kompyuta mpakato ilizowapa wanafunzi zilikuwa zikipiga picha kwa siri hata zikiwa nyumbani. Wilaya ilikubali kulipa dola 610,000 kumaliza mashauri. Na usikubali kununuliwa mashine zinazodai kusoma hisia za watoto usoni. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku matumizi hayo shuleni tangu Februari 2025, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama.

Hatua ya 8: Kazi za watu wengine, na mawasiliano

Kwa haya mawili nitakuwa mfupi. Picha, nyimbo na vitabu vya mtandaoni vina wenyewe. Sheria za hakimiliki za nchi nyingi huruhusu kiasi fulani kwa kufundishia, lakini kunakili kitabu kizima na kukisambaza si kiasi fulani. Tafuta kazi zenye leseni za Creative Commons, yaani ruhusa ambazo wenye kazi hutoa mapema ili wengine wazitumie kwa masharti: BY hukudai umtaje mwenye kazi, NC hukataza biashara, ND hukataza kubadilisha, SA hukutaka utoe kazi yako kwa masharti yaleyale. Taja chanzo hata kwenye slaidi ya darasani, na watoto wataiga.

Mawasiliano na wanafunzi yapite kwenye njia ambayo mtu mzima mwingine anaweza kuiona, saa zinazojulikana. Ujumbe wa faragha usiku kwa mtoto mmoja mmoja, hata ukiwa wa kazi, usitumwe.

Hatua ya 9: Jambo likiharibika

Taarifa zikivuja, waambie wazazi upesi: kimetokea nini, taarifa gani zimetoka, mmefanya nini, wao wafanye nini. Kuficha huwanyima muda wa kujilinda. Badilisheni nywila zote siku hiyohiyo, na kama sheria ya nchi yenu inadai mamlaka ipewe taarifa, uongozi ufanye hivyo bila kusubiri.

Mtoto akionewa mtandaoni, mwambie asifute. Hifadhini picha za skrini zenye tarehe, kisha fuateni taratibu za shule. Lakini ikiwa ni picha ya utupu ya mtoto, usiipige picha ya skrini, usiihifadhi, usimtumie hata mkuu wa shule kama ushahidi. Kumiliki au kusambaza picha ya namna hiyo ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na kila anayeitazama anamwumiza mtoto tena. Weka kifaa chini, mwite anayehusika na ulinzi wa watoto, kaa na mtoto, umwambie hajakosea kukueleza.

Hatua ya 10: Siku ya kufuta

Wiki ya mwisho ya muhula, rudi kwenye ile karatasi ya hatua ya kwanza. Pitia mstari kwa mstari. Wape wanafunzi nakala za kazi zao wanazotaka kubaki nazo, kisha mfute akaunti pamoja, darasani, kila mmoja akibonyeza mwenyewe. Hubaki kama dakika kumi za kimya wakitazama majina yao ya miti yakiondoka. Mwaka uliopita kijana mmoja aliinua mkono akaniuliza kama anaweza kufanya vivyo hivyo kwenye programu nyingine alizonazo nyumbani. Nilitumia kipindi kilichobaki kumwonyesha yeye na wenzake pa kubonyeza.